Sura ya Tisa: Namba Isiyosogea

Jumanne, tarehe kumi na tatu Oktoba. Tangu alfajiri mawingu yalikuwa yametanda, mazito, ya rangi ya jivu, lakini hata tone moja halikudondoka. Joto lilikuwa limebana kila mahali kama kifuniko juu ya sufuria. Inspekta alipofungua mlango wa stoo ya vielelezo, harufu ya karatasi zilizoota ukungu ilimpokea, pamoja na ya mafuta ya baiskeli za wizi ambazo wenyewe hawakuzifuata.

Kompyuta aliyoitaka ilikuwa rafu ya chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga: karatasi ya kaki, kamba, lakiri nyekundu, kibandiko chenye saini yake. Waya wa umeme ulikuwa umeviringwa duara safi na kukazwa kwa uzi. Hapo kituoni walikuwa wakimtania kwamba vielelezo vyake vinapendeza kuliko zawadi za harusi.

"Afande, kesi hii si imekwisha?" aliuliza Koplo, akiibeba kompyuta hadi mezani. "Kesho unapanda kizimbani, unasema ulichoona, yule mama anafungwa, tunasonga mbele."

"Kesho ndiyo kesho. Leo bado ni leo. Mwite fundi."

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa ameketi kwenye benchi nje. Alikuwa mwembamba na mrefu, na watu wote hospitalini walimwita Waya. Aliingia akasalimia mara mbili, kana kwamba salamu ya kwanza haikutosha.

Inspekta alimwekea kiti. Kisha, kama alivyozoea kabla ya kazi yoyote ngumu, aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti, "Mungu, tuoneshe." Koplo akaitikia amina, Waya naye akaitikia, ingawa kwa kuchelewa.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mchana kweupe, oksijeni iliisha katika mabomba ya wodi ya wanaume, na mgonjwa mmoja, mwashi kijana aliyefanyiwa upasuaji wa kifua, akakata roho. Mitungi iliyojaa ilikuwepo. Ilikuwa imepangwa chumbani ikisubiri mtu afungue koki. Mtu huyo alikuwa mhudumu wa chumba cha oksijeni, mama wa watoto pacha, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Pacha. Kazi yake ilikuwa kutazama namba kwenye skrini. Namba ikishuka, king'ora kinalia, naye anahamia safu ya mitungi mingine. Hakuhamia. Nesi alipokuja mbio alimkuta ameketi kimya mbele ya skrini huku king'ora kikilia, na wote wakakubaliana kwamba alikuwa amelala. Inspekta naye alikubali, akamtia pingu kwa mkono wake.

Mama Pacha alikuwa na neno moja tu, alilolisema siku ile na kulirudia kila alipohojiwa. "Niliitazama. Namba haikusogea."

"Nisikilize, fundi," Inspekta alisema. "Jana jioni nilisoma tena maelezo ya nesi. Anasema alikimbia korido nzima, kutoka wodini mpaka chumba cha oksijeni. Korido ile ni ndefu kiasi gani?"

"Ndefu, afande. Unapita maabara, unapita dobi."

"King'ora kile kikilia, kinasikika dobi?"

"Kinasikika hadi getini. Kile kinaamsha wafu." Waya aliziba mdomo. "Samahani."

"Nesi anasema alikisikia akiwa mlangoni. Si koridoni, mlangoni. Wa dobi wote wawili wanasema hawakusikia kitu mpaka walipoona watu wanakimbia. Sasa king'ora cha kuamsha wafu kinaliaje ndani ya chumba, watu wa ukuta wa pili wasikisikie?"

Koplo alijikuna kidevu. "Kilikuwa hakijaanza kulia."

"Kilianza nesi alipofika mlangoni. Na nesi anasema nini kingine? Kwamba alipopiga kelele, Mama Pacha alishtuka akakamata kipanya." Inspekta alimgeukia Waya. "Kwa nini king'ora kingoje mtu ashike kipanya?"

Waya alitazama sakafu. "Sijui, afande. Mashine hizi zina mambo yake."

"Ifungue, basi, tuyaone hayo mambo yake."

Inspekta alikata lakiri kwa kisu. Waya alitoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu na kuvuta ubavu wa boksi. Vumbi lilikuwa limejaa kila kona, laini kama unga. Inspekta alikuwa ameanza kusoma kompyuta mwaka huo katika darasa la jioni, akikaa dawati moja na watu wa umri wa binti yake, na mambo mengi bado yalimpiga chenga. Lakini kutazama vumbi hakukuhitaji darasa. Alielekeza tochi.

"Hapa kuna vijumba viwili virefu. Kimoja kina kadi, kingine kitupu. Ni vya nini?"

"Vya memori."

"Hiki kitupu mbona hakina vumbi? Kila mahali ni vumbi tupu, hapa pamebaki mstari msafi kama kucha ya bibi harusi."

"Labda... ilikuja hivyo kutoka dukani."

"Ilikuja na usafi wake, ikautunza miaka yote?" Koplo aliangua kicheko. "Kaka, hata mimi mvivu wa kufagia nimeona hapo ulitia mkono."

Jasho lilimtoka Waya. Alijifuta kwa mkono wa shati, na Inspekta akamwacha ajifute. Hakumpigia kelele. Alivuta kiti karibu na kusema taratibu, "Mwanangu, kuna mama yuko mahabusu. Watoto wake wanalala kwa mdogo wake, chumba kimoja watu sita. Sema."

"Ni Katibu," Waya alisema. "Katibu wa hospitali. Kompyuta yake ilikuwa nzito, kila siku ananigombeza. Nikamwambia inataka memori zaidi, akasema hakuna fungu. Sasa mimi, afande, huwa najiandikisha kujaribu mifumo mipya ya kuendesha kompyuta kabla haijatoka. Kuna mfumo unakuja, bado haujatolewa kwa watu. Wenyewe wanausifu kwamba unatumia memori kidogo sana, nusu ya ule wa zamani. Nikaleta toleo la majaribio, nikaliweka kwenye kompyuta kadhaa, kwake na chumba cha oksijeni. Na kweli zikawa nyepesi. Katibu alipoona, akasema, kumbe! Kama mfumo unatumia nusu, nusu nyingine inakaa bure. Kaitoe kule kwenye mitungi uniletee."

"Ukaitoa."

"Hesabu ilikaa sawa, afande. Mfumo unatumia nusu, tumeibakizia nusu."

Inspekta alizima tochi. "Mfumo huo unapunguza matumizi kwa njia gani? Nieleze kama unamweleza mama yako."

Waya aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Hapo alikuwa kwenye uwanja wake. "Memori ni kama meza ya kazi. Diski ni kabati. Ukifanya kazi, unatoa vitu kabatini unaviweka mezani. Meza ikijaa, kazi inakwama. Huu mfumo mpya unaangalia mezani: kitu gani hakijaguswa? Unakilaza. Programu inakuwa ipo, lakini haifanyi kazi, mpaka uiguse. Meza ikiwa kubwa haulazi hovyo. Ikiwa ndogo, unalaza kila kitu isipokuwa kile unachokishughulikia."

"Na ile iliyolazwa inaonekanaje?"

"Ndiyo sifa mpya wanayojivunia. Haipotei. Mfumo unaacha picha yake ya mwisho palepale kwenye skrini, usione usumbufu. Ukiigusa tu inaamka." Alisita. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia.

Koplo aliacha kucheka.

"Mama Pacha alikuwa akifanya nini kwenye ile kompyuta?" Inspekta aliuliza, ingawa alijua.

"Alikuwa akiingiza mitungi ya siku ile kwenye programu ya stoo. Upande huu programu ya stoo, upande huu namba ya oksijeni. Anaandika huku anatazama kule."

"Anaitazama kwa macho."

"Mashine haijui macho, afande. Inajua vidole. Iliona hajaigusa, ikailaza. Namba ikabaki picha. Na king'ora kinatoka kwenye programu hiyohiyo. Alipokamata kipanya akaigusa..."

"Ikaamka ikapiga kelele. Mwashi wa watu alikuwa amekwisha kufa." Inspekta alisimama. "Geji ya ukutani je?"

"Iliharibika zamani. Walisema kompyuta inatosha."

Kwa muda mfupi stoo ile ilionekana kuwa na mwanga zaidi. Koplo tayari alikuwa amechomeka waya ukutani na kuunganisha skrini ya kituo. "Tuiwashe, afande! Tufungue ile programu, tuilaze, tumwite mwendesha mashtaka aje aone kwa macho yake mawili."

Feni ilianza kuvuma. Skrini ikawa bluu, ikafikiri, kisha maandishi meupe yakatokea katikati. Inspekta alivaa miwani na kuyasoma kwa sauti.

"Muda wa toleo hili la majaribio umekwisha. Tafadhali weka toleo jipya."

"Bonyeza kitu," Koplo alisema.

Waya alibonyeza. Maandishi hayakuondoka. "Matoleo ya majaribio huwa yanakufa yenyewe," alisema kinyonge. "Wanayapa tarehe. Hili tarehe yake ilikuwa wiki iliyopita. Na ukiweka jipya, lile la zamani linafutika."

"Hakuna njia nyingine ya kuona kilichotokea siku ile? Hata alama?"

"Ingekuwepo." Waya alisema bila kufikiri, akiwa bado anatazama skrini. "Kuna sifa nyingine mpya, inaitwa Rejea. Inakumbuka kila kilichopita kwenye skrini siku nzima, unarudisha nyuma kama mkanda wa video. Ungemuona Mama Pacha anavyoandika, na namba imeganda pembeni, saa kwa saa. Ila Rejea haiwekwi kabatini. Iko mezani tu, kwenye memori, kwa ajili ya kulinda siri za watu. Ukizima umeme, imekwenda." Aligeuka. "Sasa sijui siku ile nani alii..."

Hakumalizia. Koplo alikuwa ghafla ameona kitu cha maana sana kwenye dari.

Inspekta aliutazama waya wa umeme. Kwenye mpira wake mweusi bado kulikuwa na mikunjo ya duara lile safi. Alikumbuka chumba cha oksijeni mchana ule, kompyuta ikiwa inawaka, na yeye akifuata utaratibu kama ulivyoandikwa: kizime, kifunge, kitie lakiri. Alikumbuka pia Mama Pacha akimvuta nguo kwa mikono yenye pingu, akilia, "Msizime, afande, tazameni kwanza! Tazameni kwanza!" Alidhani mama yule anavuta muda. Akainama chini ya meza na kuchomoa plagi.

"Tumebakiwa na kadi," alisema. "Twende kwa Katibu."

Katibu wa hospitali alikuwa na ofisi yenye zulia na feni mbili. Aliwapokea kwa bashasha, akaagiza maji ya kunywa, akasoma kibali cha Inspekta kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho huku akitikisa kichwa kwa heshima.

"Fungueni tu. Sina cha kuficha. Mimi mambo ya memori hata sijui inafananaje."

Waya alifungua kompyuta ya bosi wake. Ndani kulikuwa na kadi, zote za kijani, zote za ukubwa mmoja.

"Ipi ilitoka chumba cha oksijeni?" Inspekta aliuliza.

"Hii... au hii. Zinafanana, afande. Tulizinunua pamoja."

"Mheshimiwa, ulimwagiza fundi atoe kadi kule akuletee?"

"Mimi?" Katibu alicheka kwa upole. "Nilimwambia kompyuta yangu ni nzito. Kila mtu humwambia fundi hivyo. Sikumwambia aibe ya mwingine." Kisha, bila kupandisha sauti, alimgeukia Waya. "Hivi, kijana, mkataba wako si ndiyo tunaujadili mwezi huu? Mkeo naye amejifungua salama?"

Waya alikuwa amepiga magoti kando ya boksi, bisibisi mkononi. Feni mbili zilizunguka.

"Fundi," Inspekta alisema. "Rudia ulichoniambia stoo."

"Nilichanganya, afande. Nadhani ile ilikuja hivyo kutoka dukani."

"Waya!" Koplo alimaka. "Asubuhi hii hii!"

"Nimesema nilichanganya, kaka. Niacheni."

Inspekta hakumgombeza. Alimwomba jambo moja la mwisho: apunguze memori ya kompyuta ile, aweke programu ya oksijeni isome mabomba kwa mtandao wa hospitali, na wote watazame. Waya alifanya. Walifungua programu mbili bega kwa bega, Koplo akawa anaandika upuuzi kwenye moja bila kuigusa nyingine. Walisubiri. Namba ikasimama. Lakini palepale dirisha lote la namba likageuka kijivu, na juu yake neno likatokea, kubwa, jekundu: IMELALA.

"Hii ni nini?"

"Hili ni toleo jipya zaidi," Waya alinong'ona. "Lilijisasisha lenyewe kwa mtandao. Wamerekebisha. Lile la zamani halikuwa na kijivu, wala neno."

"Kwa hiyo na wao waliona kasoro."

"Waliona."

"Lakini sasa inafanya kazi vizuri, naona," Katibu alisema, akijimiminia maji. "Inamwambia mtu kabisa kwamba imelala. Mtu akishaambiwa hivyo na bado asiamke, tatizo ni la nani?"

Nje, kwenye ngazi, Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Alieleza tangu vumbi hadi neno jekundu. Mwendesha mashtaka alisikiliza mpaka mwisho, akapiga mwayo au akashusha pumzi, haikujulikana.

"Una kompyuta haiwaki. Una kadi haijulikani ya nani. Una fundi amekana maneno yake mbele ya shahidi. Na una jaribio linaloonesha mashine inatoa onyo. Inspekta, hapo una nini?"

"Nina namba haikusogea."

"Nani aliiona?"

"Mshtakiwa."

"Basi," alisema mwendesha mashtaka, na simu ikakatika.

Kwenye chumba cha wageni cha mahabusu kulikuwa na benchi mbili na dirisha la nondo. Mama Pacha aliletwa na askari magereza wa kike, mnene, mwenye funguo kiunoni. Mdogo wake alikuwa amekwisha kufika na mfuko wa nguo safi za kuvaa mahakamani. Alikuwa akimpangia dada yake kitambaa cha kichwa, akikikunja na kukikunjua.

Inspekta hakukaa, na Koplo alibaki mlangoni. Aliwaeleza yote akiwa amesimama, kwa maneno mepesi, kama Waya alivyomweleza yeye: meza na kabati, picha iliyoachwa, macho na vidole. Mama Pacha alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo sikulala," alisema mwishoni.

"Hukulala."

"Asante Mungu." Alijifunika uso kwa viganja. "Wiki tatu hizi, afande, usiku nimekuwa nikijiuliza. Wote mnasema nililala. Nikaanza kusema, pengine nililala. Nikawa namwomba yule marehemu msamaha." Aliondoa mikono. "Basi nitatoka?"

"Sidhani. Ushahidi ulikuwa kwenye ile mashine, na mashine ilizimwa."

"Nilikwambia usizime."

"Uliniambia."

"Nilikushika hadi nguo. Nikasema, tazama kwanza."

"Uliniambia, dada. Sikutazama."

Askari magereza aliacha kuchezea funguo. Mdogo wake Mama Pacha alisimama, kitambaa kikamwanguka.

"Sasa umekuja kufanya nini?" aliuliza. "Kumpa pole? Pole tunazo za kutosha, tungeuza. Mwendesha mashtaka kasema akikiri atapunguziwa, asipokiri ni miaka. Watoto wananiuliza mama anarudi lini, nawaambia Jumamosi, kila wiki Jumamosi. Wewe kesho unakwenda kusema nini kule mbele?"

"Nakwenda kusema ukweli."

"Ukweli gani? Ule wa kwanza ulioandika, kwamba alilala?"

"Wa leo."

"Utamtoa?"

Inspekta angeweza kusema labda. Askari magereza alimtazama kana kwamba anamwomba aseme labda. "Hautamtoa," alisema. "Hakimu atauliza uthibitisho, na sina. Fundi atakana. Katibu atakana. Mimi nitaonekana nimejichanganya, na pengine nitavuliwa cheo. Lakini nitausema."

Mama Pacha aliinama akaokota kitambaa cha kichwa, akakipangusa vumbi. "Mimi sitakiri," alisema taratibu. "Hata wakinipunguzia. Nikikiri, wanangu watakua wakijua mama yao alilala mtu akafa. Bora nifungwe macho yakiwa wazi."

"Dada, fikiria..."

"Nimefikiri, mdogo wangu. Nivalishe hiki."

Mdogo wake hakumvalisha. Alikuwa amemkazia macho Inspekta. "Sema kwa sauti, basi, hicho utakachosema kesho. Hapa. Huyu askari asikie na koplo wako asikie. Mashine mmeizima, na asubuhi mtu anaweza kuamka na moyo mwingine. Sisi wanne hutuzimi. Sema."

Koplo alinyoosha mgongo mlangoni. Askari magereza alivua kofia, akaishika tumboni. Inspekta alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Aliinamisha kichwa, midomo ikamcheza bila sauti, kisha akakiinua.

"Mbele yenu na mbele za Mungu," alisema, "kesho nitasimama mbele ya hakimu na kusema kwamba mama huyu hakulala. Nitasema namba haikusogea. Nitasema alinishika nguo akiniomba nitazame kwanza, na kwamba mkono uliochomoa ile plagi ni huu wangu. Nitalisema hilo wakiniamini, na nitalisema wasiponiamini."